Kwa Kijana Anayetaka Kutumwa Mji wa Kale

Juzi kijana aliyemaliza chuo cha Biblia aliniandikia: "Shikamoo Mchungaji. Mungu ameniita niwahubirie Waislamu wa Mombasa. Nianzie wapi?" Nilifurahi kwamba ameniuliza mimi, maana kazi hii nimeifanya tangu kichwa changu hakina mvi hata moja.

Anzia barazani, mwanangu. Nilipopanga chumba Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, sikuja na spika. Baada ya swala ya magharibi nilikaa na wazee, kahawa chungu mkononi na kashata pembeni, nikasikiliza habari za bei ya samaki na kesi za mirathi. Jirani alipofiwa, nilifuata jeneza kwa miguu mpaka makaburini. Ramadhani ilipoingia, sahani ya mbaazi za nazi, imefunikwa kwa kawa, ilikuja kwetu kabla ya adhana, na mke wangu hakuirudisha tupu. Wakaniita mwalimu. Habari za Isa na msalaba waliniuliza wenyewe, nami sikuficha ninachoamini. Tulibishana hadi isha, na kesho yake tukaamkiana kama kawaida.

Krapf, mmisionari Mjerumani, aliyajua haya. Alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Ali bin Modehin, kadhi wa mji. Kadhi! Fikiria heshima iliyokuwa kati yao. Na baadaye mmisionari William Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Wewe unataka kuhubiri Mvita, yaani Mombasa, na hujui hata shairi moja la Muyaka?

Lakini waliokutuma watataka hesabu. Fomu yangu ya ripoti ilikuwa na kisanduku cha waliobatizwa, nami niliandika ukweli: hakuna. Posho ikakatwa bila hata simu. Mke wangu alikaanga viazi karai tukalipa kodi, na hadi leo hakuna aliyekuja kutupa pole. Inaniuma, sitaficha. Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, alikaa pwani tangu 1846 hadi 1875, akatoka amepofuka, na waumini wake walikuwa wachache mno. Nani atathubutu kusema alipoteza muda?

Basi usinunue roho ya mtu kwa unga wala karo. Usitukane Mtume wa watu ili upigiwe makofi na Wakristo wenzako. Usimpige picha mtu anayekuuliza swali la imani ukaituma kwa wafadhili. Huyo ana mama, ana wajomba, na watamtenga. Mungu hakukuita ukajaze visanduku.

Jambo moja hukuniambia: umeoa? Rosine, mke wa Krapf, alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, pamoja na kichanga chake, na kaburi lake liko Nyali. Kama umeoa, mwulize mkeo naye ameitwa au anakufuata tu, kisha uniandikie tena.