Fremu ya chuma isiyo na jina: namna ya kumfikia aliyeitengeneza

Ndugu, umeeleza kwamba umenunua sokoni Gikomba, Nairobi, fremu ya zamani ya baiskeli, ya chuma na yenye lagi (vipande vya chuma vinavyounganisha mabomba), imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, haina stika wala nembo, mbele kuna matundu mawili madogo, na masikio ya nyuma (vibati vinavyoshika ekseli ya gurudumu la nyuma) yameandikwa Campagnolo. Muuzaji alikwambia ni "Campagnolo ya Italia". Fundi naye anataka kuikwangua kwa grainda ili jina lionekane. Unauliza ni ya nani.

Kwanza mzuie huyo fundi. Namba ya fremu mara nyingi imegongwa kwa kina kidogo sana, na ncha za lagi ambazo mtengenezaji alizipiga tupa kwa mkono ndizo saini yake. Disiki ya waya inakula vyote viwili. Chini ya ile nyeusi huenda bado kuna rangi ya kwanza na kivuli cha stika, na ukishafika kwenye chuma kitupu hakuna namna ya kuvirudisha.

Pili, Campagnolo aliuza vifaa. Masikio yake yalinunuliwa na watengenezaji wa fremu Italia, Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani. Jina lililo kwenye sikio ni la aliyefua sikio, basi. Ukikuta Simplex au Huret, elekeza macho Ufaransa; ukikuta Zeus, Uhispania; ukikuta Shimano au SunTour, Japani na baadaye Taiwan. Hata hivyo ni dokezo tu. Nervex kwenye lagi na Reynolds kwenye bomba ni mambo yaleyale: ni waliouza malighafi. Masikio ya Campagnolo yanakwambia kwamba fremu hii haikuwa ya bei ya chini, na hilo si haba.

Sasa kazi yenyewe. Anza na vitu ambavyo Nairobi havibadilishwi kirahisi. Rangi inapakwa upya, stika za jina lolote zinachapishwa mjini, foku na magurudumu vinahamishwa kutoka baiskeli moja hadi nyingine. Lakini thredi za nyumba ya ekseli ya pedeli na unene wa mabomba ni vya siku fremu ilipozaliwa. Tafuta kalipa inayosoma sehemu za kumi za milimita, rula ya chuma na geji ya thredi. Kama huna geji, fundi wa leithi yeyote Grogan au Kariobangi Light Industries anayo.

Safisha nyumba ya ekseli kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha pima upana wake ukingo kwa ukingo. Toa vikombe viwili vilivyofungwa kwa thredi pande zake zote mbili, ukiangalia kwa makini kile cha upande wa cheni kinafunguka kuelekea wapi. Kikifunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, ni thredi ya kushoto. Kikifunguka kinyume cha saa, ni thredi ya kawaida. Hapo sasa:

Upana 68 mm, thredi 24 kwa inchi, kipenyo cha nje cha kikombe takriban 34.8 mm, upande wa cheni thredi ya kushoto: huo ni mtindo wa Kiingereza. Japani, Taiwan na Wamarekani wengi waliutumia pia, kwa hiyo usikimbilie kusema Birmingham ya Uingereza.

Upana 70 mm, kikombe karibu 36 mm, thredi 24 kwa inchi, pande zote mbili thredi ya kawaida: Italia.

Upana 68 mm, kikombe 35 mm, hatua (umbali kati ya thredi moja na inayofuata) ya milimita 1 kamili, pande zote thredi ya kawaida: Ufaransa. Vipimo hivyohivyo vikiwa na thredi ya kushoto upande wa cheni, ni mtindo wa Uswisi. Motobécane aliutumia sana, na Peugeot akauhamia baadaye.

Upana 71 au 76 mm, thredi 26 kwa inchi, upande wa cheni thredi ya kushoto: Raleigh wa Nottingham na ndugu zake.

Mitego iko miwili hapa, na ndiyo inayowapoteza watu wengi. Wa kwanza: thredi 26 kwa inchi ni hatua ya 0.977 mm, na ya Ufaransa ni milimita 1. Vipenyo navyo vinakaribiana mno, 34.9 na 35. Geji ya bei rahisi itakubali zote mbili. Usiamue kwa geji peke yake. Amua kwa upana wa nyumba na mwelekeo wa kikombe cha cheni. Ukihesabu hatua kumi kwenye kikombe ulichotoa, ya Kiingereza ya 24 itakupa 10.6 mm, ya Ufaransa 10.0, ya Raleigh 9.8. Pima mara kadhaa, maana kutu inadanganya.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Thredi za Kiingereza au Kifaransa zikiharibika, fundi anaweza kuzikata upya kwa kipimo cha Italia kwa sababu ni kikubwa kidogo. Fremu inabaki ya Birmingham lakini thredi zinasema Milano. Dalili yake ni nyumba yenye upana wa 68 mm badala ya 70, na thredi zinazong'aa kuliko chuma kinachozizunguka. Ukiona hivyo, usiihesabu kuwa ya Italia mpaka sehemu nyingine zikubaliane.

Nenda kwenye bomba la kiti. Pima nje kwanza: 28.6 mm ni kipimo cha inchi, 28.0 mm ni cha Kifaransa. Rangi nzito ya brashi inaweza kuongeza sehemu kadhaa za milimita, kwa hiyo futa kijisehemu chembamba kabla ya kupima. Kisha pima ndani, sentimita tano chini ya mdomo, mara mbili kwa pembe tofauti, kwa sababu mdomo wenyewe hubanwa na bolti ukawa yai. Nguzo ya kiti ya 27.2 mm ndani ya bomba la 28.6 ina maana ukuta ni mwembamba, kama 0.6 mm: hiyo ni daraja ya mabomba mepesi kama Reynolds 531 ya ukuta wa kupungua (mnene ncha, mwembamba katikati), au SL ya Columbus, muuza mabomba wa Italia. 25.4 mm ndani ya bomba hilohilo ni ukuta wa milimita moja na nusu, chuma cha kawaida cha baiskeli za kazi. 26.4 ndani ya 28.0 ni Mfaransa wa bomba zuri. Fremu tupu ya mbio isiyo na foku, saizi ya wastani, ina uzito wa karibu kilo mbili. Yako ikizidi hapo sana na nguzo ni 25.4, yale masikio ya Campagnolo huenda yalilehemiwa baadaye.

Kwenye foku, shina la usukani la 22.2 mm ni la Kiingereza, Kijapani au Kiitaliano, na la 22.0 ni la Kifaransa. Toa foku uangalie shingo yake ndani na nje. Columbus waligonga njiwa mdogo kwenye shingo, na upande wa chini kwa ndani kuna mbavu tano zilizojipinda. Lakini kabla ya kuiamini, hakikisha foku ni ya fremu hii: rangi ya zamani ndani ya shingo na ndani ya bomba la mbele zilingane, na namba ikiwa imegongwa kwenye vyote, ziwe moja.

Fremu yako ingekuwa ya mtindo wa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kazi, ningekwambia mengine. Zile nyingi ni za India (Hero, Atlas, Avon) na China (Phoenix, Forever, Flying Pigeon), na zote zinafuata umbo la baiskeli ya Kiingereza ya magurudumu ya 28 × 1½. Jina la Kiingereza kwenye nembo halimaanishi Uingereza, kwa sababu TI Cycles ya Madras ilitengeneza Hercules na Phillips, na Sen-Raleigh ilitengeneza Raleigh kule Asansol. Kwa hizo, thredi 26 ndiyo ushahidi mkubwa wa ukoo wa Raleigh. Gia ya pedeli ikiwa ya asili inamaliza ubishi: Raleigh ina vichwa vya korongo, Rudge ina kiganja cha mkono, Humber ina watu wadogo walioshikana.

Ukishajua nchi, ndipo uanze kumtafuta mtu. Tazama mahali ambapo mtengenezaji alikuwa na uhuru wa kuchagua: vifuniko vya mikono ya nyuma (mabomba membamba yanayopanda kutoka masikioni) pale inapokutana na lagi ya kiti (vimetiwa shimo la mviringo, ni bapa, au vimezunguka lagi na kukutana nyuma?), taji la foku, daraja la breki, na matundu yaliyokatwa chini ya nyumba ya ekseli. Colnago alipenda umbo la majani matatu la karata ya pau. Pinarello alichonga herufi GPT. Hetchins wa London alikuwa na mikono ya nyuma iliyopinda kwa mawimbi, na Bates foku yenye mpindo mara mbili. Hao ni rahisi. Wengi wao walinunua lagi zilezile kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa hiyo lagi peke yake haitoshi. Unahitaji alama tatu au nne zinazokubaliana.

Namba itafute chini ya nyumba ya ekseli, kwenye sikio la kushoto, kwenye lagi ya kiti na kwenye bomba la mbele. Tumia dawa ya kutoa rangi, sehemu hizo tu, ukiwa na glavu na hewa ya kutosha, na ukwangue kwa kijiti cha mbao au plastiki. Penye kutu, funga kitambaa chenye siki kwa saa chache, osha kwa maji yenye magadi, kausha, paka mafuta. Halafu ingia gizani na ulaze tochi ya simu karibu sambamba na chuma. Namba ambayo mchana haionekani itatupa kivuli. Kama bado ina ukungu, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli laini. Andika unachokiona kama kilivyo, pamoja na nafasi na mistari, usijaze herufi kwa kukisia. Raleigh za kuanzia 1973, kwa mfano, zinaanza na herufi ya kiwanda: N ni Nottingham, W ni Worksop. Ukikuta sehemu ya namba imepigwa tupa ikawa bapa, hiyo inaweza kuwa baiskeli ya wizi. Mrudie muuzaji akuandikie risiti kabla hujaweka shilingi nyingine.

Yale matundu mawili ya mbele, ambayo huenda yalishika nembo, yapime katikati hadi katikati, na useme yamekaa wima au ubavu kwa ubavu. Ukipata jina unalolishuku, tafuta picha ya nembo yake halisi yenye vipimo. Matundu yasipolingana, jina hilo liondoe. Kwa rangi, fungua dirisha dogo la ukubwa wa ukucha kwa msasa wa maji namba 800 ukianzia katikati, utaona tabaka moja moja kama pete. Mahali pazuri ni chini ya vibanio vya kebo na ukingo wa vikombe vya shingo. Kijani-samawati ya Bianchi ikijitokeza chini kabisa ni habari njema, ila ikijitokeza katikati ya tabaka mbili ni mtu tu aliyeipenda.

Umri nao utakusaidia kupunguza majina. Nafasi kati ya masikio ya nyuma ya 120 mm ni ya gia tano, 126 ya sita au saba, 130 ya nane kwenda juu. Lakini hapa mafundi hutanua fremu kwa mkono ili gurudumu jipya liingie. Kwa hiyo pitisha uzi kutoka sikio moja, uzungushe bomba la mbele, uurudishe sikio la pili, kisha pima umbali wa uzi hadi bomba la kiti kila upande. Zikitofautiana, fremu imevutwa upande mmoja au ilianguka. Kukosekana kwa vishikio vya kebo na chupa vilivyolehemiwa kunaelekeza kabla ya miaka ya 1980, wakati vibanio vya kufunga kwa skrubu vilikuwa kawaida. Tarehe kwenye vipande vingine ni za vipande hivyo: haba (kitovu cha gurudumu) ya Sturmey-Archer imegongwa mwaka, nati za ekseli za Campagnolo kadhalika, na Shimano wana herufi mbili ambazo ya kwanza ni mwaka kuanzia A ya 1976. Zote zinaweza kuwa za baiskeli nyingine.

Mwisho kagua maungio. Shaba ya njano inayotiririka kwa ulaini ukingoni mwa lagi ni ya asili. Bonge la kulehemu kwa stima juu yake ni matengenezo ya hapa, na kila kilichoshikiliwa na bonge hilo kitoe kwenye hesabu yako.

Tuma picha hizi: upande wa cheni nzima, lagi ya kiti kutoka nyuma na kutoka ubavuni, taji la foku kutoka mbele na chini, nyumba ya ekseli kutoka chini, sikio la kulia kwa karibu, na bomba la mbele huku rula ikiwa kando ya matundu. Ongeza upana wa nyumba ya ekseli, mwelekeo wa kikombe cha cheni, kipimo cha nje na cha ndani cha bomba la kiti, na namba kama ulivyoisoma. Nyumba ikiwa 70 mm na thredi ni za zamani, tutaanza na watengenezaji wa Italia; ikiwa 68 na thredi ya kushoto, anza kuangalia vile vifuniko vya mikono ya nyuma hata kabla hujatuma.