Fizikia na sanaa: kwa kijana wa Tanga anayeambiwa achague moja

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu yote ya juu. Umemaliza shahada ya fizikia, umerudi nyumbani Tanga, unachora vizuri, unapenda kuwaelezea watu sayansi, na mwalimu wako mmoja kakwambia uachane na "mambo ya sanaa" kama unataka kufika mbali. Mimi nafundisha fizikia chuo kikuu, na wikiendi zangu nyingi zinaishia Bagamoyo kwa mafundi wa ngoma. Naomba nami niseme langu.

Wadau wamekutajia Brian May. Ni kweli, mpiga gitaa wa Queen (bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, tujivunie kidogo) ana PhD, kuhusu vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Ila alianza utafiti huo kabla bendi haijapata jina, akauweka kando miaka ya 1970, akaja kuumaliza 2007. Kazi mbili, kila moja na zamu yake. Mwenye hela za Queen anaweza kusubiri miaka thelathini. Wewe na mimi kodi ya nyumba haitusubiri.

Anayekufaa zaidi ni C. V. Raman wa India. Wengi wanamjua kwa Nobel ya 1930, ya mambo ya mwanga. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza fidla na ngoma za kwao. Ngozi ya kawaida iliyowambwa kwenye duara ni korofi kimuziki: waya wa gitaa hutoa mitetemo ya mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa chini, lakini ngozi inakupa mara 1.59, 2.14, 2.30, ndiyo maana masikio yanapata kishindo kuliko noti. Mafundi wa tabla, ngoma za India, hubandika rojo zito jeusi kwenye ngozi, likikauka ndipo ngoma inaimba. Mwaka 1920 Raman na mwenzake wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba uzito ule unaisogeza mitetemo mpaka ikaribie namba nzima. Fundi alikuwa na jibu siku nyingi, mwanafizikia ndiye aliyechelewa kuuliza.

Na hilo ndilo langu kwako: usiichukue sanaa kuja kuirembesha fizikia uliyokwisha kuimaliza. Iache sanaa ikupe swali. Swali likiwa la kweli, utafiti, maonyesho na kipindi cha redio vyote vinatoka kwenye kazi moja, hukeshi ukijigawa.

Huko kwenu mkoani mfano upo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto kwa sababu nafasi ilikuwa inaisha. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu wake akamwambia amechanganya mambo. Baadaye muuza aiskrimu mmoja Tanga mjini akamwambia kwamba hata yeye huweka ya moto ili yawahi kuganda. Mpemba akaendelea kuuliza mpaka alipokutana na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, na 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo, na lilitoka kwa watu wa aiskrimu.

Turudi Bagamoyo. Kwa sababu ya chuo cha sanaa kilichoanza 1981, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), utakuta pale ngoma za kila pembe ya nchi. Fundi anakoka moto wa makuti, anailaza ngoma ngozi ikiuelekea, anaigeuza, anaigonga kwa kidole huku kaisogezea sikio. Upepo wa bahari una unyevu, ngozi inaunywa na kulegea. Moto unaikausha, inakaza. Nilimuuliza mzee mmoja anajuaje kwamba imetosha. "Inasema yenyewe," akacheka, "ukiizidishia utaokota vipande."

Hapo kuna hesabu ya kidato cha sita. Frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo kuipandisha sauti oktava moja, yaani frikwensi mara mbili, kunataka mkazo mara nne. Anayetaka sauti kali sana haongezi makuti, anachukua ngoma ndogo. Sisi tukaweka maikrofoni na kipima unyevu, tukafuatilia ngoma zikishuka sauti kuanzia zinapotoka motoni mpaka jioni. Hiyo ikawa makala ya kitaaluma.

Ngoma hizohizo ndizo zilizofanya maonyesho. Tuliweka spika chini ya ngozi, tukanyunyiza juu yake mchanga mkavu wa ufukweni uliochekechwa, simu ikatoa sauti moja mfululizo. Mchanga unarukaruka, halafu unakimbilia kwenye mistari isiyotetemeka na kutulia: duara, msalaba, duara ndani ya duara. Mbinu ni ya zamani. Mjerumani Ernst Chladni alizunguka Ulaya na sahani zake na mchanga, 1809 akamwonyesha Napoleon, na maisha yake yote hakuwahi kuajiriwa na chuo kikuu. Kijana mmoja wa batiki akaichora ile mistari kwa nta kwenye vitambaa. Mtoto mmoja akauliza mchanga unajuaje pa kwenda. Kumjibu bila neno la darasani kulinitoa jasho kuliko mkutano wowote wa wataalamu. Redioni picha hazipo, nikaenda na ngoma mbili, moja imetoka motoni na nyingine imelala nje usiku. Hilo lilitosha.

Sasa ukweli mchungu. Nilipoomba kupanda cheo, kamati ilihesabu makala ya unyevu. Vitambaa vya batiki, sifuri. Redio, sifuri. Sioni dalili ya kubadilika karibuni, kwa hiyo kila mradi wako wa sanaa uwe na kipimo kinachochapishika ndani yake, tangu siku ya kwanza.

Kuhusu ajira, usidharau akustika, sayansi ya sauti. Wallace Sabine wa Harvard alipewa 1895 ukumbi wa mihadhara wenye mwangwi wa kero. Akawa anapima usiku kwa filimbi ya kinanda na saa, akihamisha mito ya viti, mpaka akapata kanuni ya muda wa mwangwi, iliyotumika kusanifu ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa 1900. Hapa kwetu kuna kumbi, studio, misikiti na makanisa ambayo spika zinaongezwa kila mwaka na maneno bado hayasikiki, wakati dawa ni mapazia mazito na mazulia.

Masters yako chagua msimamizi kuliko chuo. Muulize mapema kama atakubali ngoma iingie maabara. Akikubali niandikie ujumbe wa faragha, maikrofoni ya kupimia ninayo ya kuazimisha.