Ukichanganya miti, changanya koo zake

Viwanja vingi vya Kigamboni na Mbezi vina miembe na mikorosho bega kwa bega, na mwenye kiwanja hujihesabu amechanganya miti. Kwa fangasi wa majani hajachanganya kitu. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na chule, ugonjwa wa fangasi unaoacha mabaka meusi, huishambulia yote miwili. Hata mpapai na mparachichi hausazi.

Jani huchipua likiwa karibu tupu, kisha hupokea wapangaji kutoka hewani, kwenye mvua na kwa miti ya jirani. Wengine hukaa juu ya ngozi yake, wengine ndani, na wengi hawana madhara. Utafiti wa miche ya kakao Panama, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa majani yaliyopewa fangasi wapole wa ndani yaliharibiwa kidogo na ugonjwa kuliko yasiyo nao.

Sasa upandaji. Mkorosho mpe mita 12 kila upande, mwembe 10, na katikati weka mnazi au mkwaju. Chule husafiri kwa matone ya mvua yanayoruka, mwendo mfupi tu, kwa hiyo mti wa ukoo mwingine hapo kati unamkatia njia. Lakini usibananishe! Matawi yakigusana jani halikauki, na chule anachotaka ni jani lililolowa kwa saa nyingi. Pogoa hadi upepo upite.

Ubwiriunga, fangasi anayefunika majani machanga na maua kwa unga mweupe, ni habari nyingine. Unapeperushwa na upepo na hauhitaji jani lililolowa, hivyo kuchanganya miti peke yake hakutoshi. Mkorosho ukianza kutoa majani mapya na maua, kuanzia Juni hivi, bado utahitaji salfa ya unga, alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia.

Kujua kilichojificha kwenye jani linaloonekana zima, chuma majani matano yaliyokomaa kwa kila mti. Yaoshe, yazamishe dakika mbili kwenye Jik kipimo kimoja kwa maji sita, kisha yasuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Yapange kwenye kontena la plastiki juu ya tishu mbichi, funika, weka kivulini siku tano hadi saba. Tishu ikitota maji jani litaoza kwa bakteria na hutaona lolote. Ukiruka Jik utakuwa unaotesha vumbi la barabarani. Vidoto vya rangi ya chungwa au waridi vinavyonata, juu ya mabaka meusi, mara nyingi ni chule, aliyekuwa amelala ndani akingoja jani lichoke.

Ukivikuta, fagia majani yaliyoanguka na ukate vijiti vilivyokauka mtini kabla masika ya Machi hayajaanza. Humo ndimo mvua inapochota vijimbegu vyake.