Barua kwa mwanangu: nani anakwenda maabara?

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali lako pia: je, ni adabu kumkatiza daktari bingwa mbele za watu, chumba cha dharura kimechafuka, nawe umesikia dozi siyo? Mkatize. Shangazi yako ulimkatiza kwa makubwa zaidi, tena ukweni. Mimi kinachonikera ni maagizo yanayotupwa hewani.

Unamkumbuka yule mama mhudumu wa wodi, aliyekuwa akikuletea migebuka? Usiku mmoja tuliletewa mzazi kwa boti kutoka vijiji vya ziwani kusini, kajifungulia njiani, kanga zimelowa damu chapachapa. Daktari keshaingiza mkono, anaubana mfuko wa uzazi kwa ngumi. Akapaza sauti: “Oksitosini! Damu iletwe!” Oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, niliirudia kwa sauti, yuniti 10, msulini, nikachoma, nikasema imeingia. Damu je? Tulikuwa wauguzi watatu, na kila mmoja akijua mwenziwe keshakwenda. Yule mama, dekio mkononi, ndiye aliyeuliza: “Samahani, nani anakwenda maabara?”

Akajibiwa: “Wewe deki!”

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekwenda. Mwenzangu akachomoka mbio na sampuli. Mzazi alipona, mtoto wake sasa ana bodaboda pale Gungu. Lakini yule mama hakuombwa radhi, si asubuhi ile, si hadi anastaafu. Nikikumbuka, nachemka.

Ngoja, nisimwonee daktari. Mkono wake ulikuwa ndani ya mtu anayekata roho, “tafadhali” angeitoa wapi? Haya, lakini si ndiyo sababu agizo liwe na mwenyewe? “Wewe, peleka sampuli, omba chupa 2, rudi uniambie.” Na aliyeagizwa alirudie. Nimelisema hili mezani mpaka mkawa mnalimalizia nyinyi: agizo lisiporudiwa halijapokelewa. Siku hizi mna traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka, gramu 1, kabla saa 3 hazijapita tangu kujifungua. Nayo mtaidhania imeshatolewa?

Baba yako anasema ile ilikuwa hofu, si dharau. Labda. Kama daktari mwenyewe asingekuwa anaswali safu moja na mjomba wako, ningekwambia ninavyoona. Basi niache.

Ila hukuniambia: huko kwenu nani anashika kalamu kuandika saa kila dawa inapoingia? Uliza kabla zamu haijaanza.

Mama yako