Ngano ya kale Mau Narok: anza na ganda, si mbegu

Ndugu, umeuliza kama ekari zako mbili za Mau Narok zinafaa ngano ya kale, ema au spelta. Ema, jaribu, jirani zetu Waethiopia wanailima hadi leo. Spelta ningeiacha: aina nyingi hupandwa Ulaya kabla ya majira ya baridi, na bila wiki kadhaa za baridi kali hazitoi masuke vizuri. Baridi ya Mau inatuvalisha makoti, lakini hiyo haitoshi.

Kazi hasa iko kwenye ganda. Ngano ya kawaida ukiipura hutoka punje tupu. Ema hubaki imefungwa gandani, na kinu cha posho hakitakusaidia. Tafuta mashine ya kukoboa kwanza, ndipo utafute mbegu. Mbolea ya CAN tia kidogo tu, maana mashina ni marefu na hulala mvua ikipiga. Ugonjwa wa kutu ya shina nao, ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, tunao huku.

Mbegu za nje usizifiche mkobani, pitia KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. KALRO Njoro, watafiti wa kilimo wa serikali, hawako mbali, waone kabla ya kulima. Na usimwambie mteja ema haina gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru baadhi ya watu; inayo.