Kapoteza mechi 292, halafu mnamwita mkali?

SWALI: Shikamoo mzee wa takwimu. Braza wangu kanunua jezi ya mtumba pale Karume, buku tano tu, mgongoni imeandikwa RYAN na namba 34, tukaingia gugo tukakuta ni Nolan Ryan, mrushaji wa besiboli wa Marekani, ule mchezo wa kupiga mpira na rungu. Sasa braza anadai huyo ndo mrushaji mkali kuliko wote waliowahi kutokea, ila mi nikasoma hapohapo kwamba kashinda mechi 324 na kapoteza 292. Mzee, 292! Hivi kipa wa Simba au Yanga akipoteza mechi kumi tu si anatafutiwa nauli ya kurudi kwao? Tumewekeana chipsi mayai na mishkaki sita, amua wewe.
Msomaji, Tabata Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu. Mishkaki sita ni mingi kwa kesi hii, ila ngoja tupige hesabu polepole maana hapo kwenye 292 ndo watu wengi wanapoteleza.

Kwanza elewa kazi ya mrushaji. Anasimama juu ya kichuguu cha udongo na mpigaji yuko mita 18.44 mbele yake. Ukitaka kuupata huo umbali nenda Kimara kapande lile basi refu la mwendokasi, lile linalojikunja katikati, wewe kaa siti ya nyuma kabisa na rungu lako halafu mrushaji awe pale kwa dereva. Basi ndo hapo. Sasa mwaka 1974 walimpima Ryan, mpira wake ukasoma maili 100.9 kwa saa, kama kilomita 162 hivi, kwa hiyo kutoka kwa dereva mpaka kwako huku nyuma hata nusu sekunde haiishi, hujamaliza kusema "shusha". Mpigaji akiukosa mpira kwa rungu lake, au akiuacha mpira uliopita kwenye eneo linalotakiwa, anahesabiwa straiki moja, na zikifika tatu anatoka, hiyo ndo straikauti. Ila mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo linalotakiwa na mpigaji akaiacha ipite, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, yaani kile kituo cha kwanza cha kukimbilia, anaenda anatembea tu mikono mfukoni, hiyo wanaita woki. Hayo maneno mawili yashike, tutayarudia.

Shida ya kushinda na kupoteza ni kwamba mrushaji hashindi peke yake. Kazi yake ni kuzuia pointi, pointi za timu yake zinatafutwa na wenzake wenye rungu. Akiruhusu pointi moja tu mechi nzima na wenzake wakatoka kapa, ubao unasoma 1-0 na kule kupoteza kunaandikwa kwenye jina lake. Ni kama kipa kaokoa penalti mbili, kafungwa kagoli kamoja ka kona, halafu mafowadi wake wanapiga mashuti yanatua kwenye maegesho ya magari. Utamlaumu kipa?

Chukua mwaka 1987. Yuko Houston Astros, ana miaka 40, kamaliza msimu kashinda 8 kapoteza 16. Ukiishia hapo unasema babu kachoka akalee wajukuu. Lakini msimu huohuo yeye ndo alikuwa na wastani mzuri kuliko warushaji wote wa ligi yake, ile ya National, alifungwa pointi 2.76 kwa kila raundi tisa, yaani mechi nzima ya kawaida, na yeye ndo aliwatoa wapigaji wengi kuliko wote, straikauti 270. Namba moja kwenye vitu viwili vikubwa kabisa vya urushaji, na bado karatasi inasema 8 kwa 16. Mi huo mstari nikiuangalia nacheka kwanza, baadaye nasikia uchungu.

Kwa hiyo hiyo 292 yako iweke pembeni, angalia alichokifanya yeye kwa mkono wake. Misimu 27, kuanzia 1966 mpaka 1993, kapita Mets, Angels, Astros na Rangers. Straikauti 5,714. Anayemfuata ni Randy Johnson mwenye 4,875, yaani pengo ni 839, na ili uelewe ukubwa wa hizo 5,714, kijana wa leo akitoa wapigaji 250 kila mwaka, na 250 ni msimu wa kutisha usidhani ni mchezo, atahitaji karibu miaka 23 bila kuumia bega, bila kuumia kiwiko, bila kuugua hata mafua. Mwaka 1973 alitoa 383, akaivunja rekodi ya kisasa ya Sandy Koufax kwa straikauti moja tu, na hiyo moja aliipata mechi yake ya mwisho ya msimu, mechi ikiwa imeshaingia raundi ya 11. Halafu zile mechi ambazo timu pinzani nzima inaondoka bila hata hiti moja, yaani hakuna mpigaji aliyeupiga mpira vizuri akafika besi kwa rungu lake, ambazo mrushaji wa kawaida anastaafu hajaionja, yeye anazo saba. Koufax anayemfuata anazo nne. Ya saba aliipata tarehe 1 Mei 1991 dhidi ya Toronto akiwa na miaka 44, akatoa watu 16.

Braza hapo ameshaanza kuagiza soda. Mwambie atulie.

Kuna rekodi nyingine ya Ryan ambayo wenye jezi hawapendi kuitaja. Woki 2,795. Hiyo nayo hakuna aliyemfikia, Steve Carlton wa pili ana 1,833, na ukitoa utaona pengo ni 962, kubwa kuliko lile la straikauti! Mkono uleule uliowatoa watu wengi kuliko wote ndo huohuo uliowagawia watu wengi besi za bure kuliko wote. Hii ndo sababu mi simuweki namba moja. Mchukue Greg Maddux, hakuwa na spidi ya kutisha, ana straikauti 3,371 tu ila woki 999, hata elfu hazikutimia, na akashinda mechi 355, akabeba tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu kwenye ligi, miaka minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ryan na ukali wake wote hiyo tuzo hakuibeba hata mara moja. Hata 1973 ya zile 383, alipewa Jim Palmer.

Uamuzi wangu ni huu. Mrushaji bora kuliko wote, hapana, braza kazidisha chumvi. Mrushaji mgumu kupigwa kuliko wote, hiyo nampa na sirudi nyuma, maana kwa kila raundi tisa aliruhusu hiti 6.56 tu na kwenye vitabu vya rekodi hakuna aliyeshuka chini ya hapo. Na wewe uliyemhukumu kwa 292 umekosea zaidi yake. Braza alipe chipsi mayai, wewe lipa mishkaki.

SWALI: Mzee mambo. Ni kweli huyo Ryan alikuwa tajiri au sifa tu?
Msomaji, Mwananyamala

JIBU: Poa. Alikuwa wa kwanza kwenye besiboli kulipwa dola milioni moja kwa mwaka, pale alipoenda Houston kuanzia msimu wa 1980. Sifa hazijengi nyumba, ila yeye alijenga.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mwanangu ana miaka 15, tangu aende kuangalia besiboli pale Azania ameingiwa na wazimu, kila jioni anarusha mpira ukutani mpaka giza linaingia, jirani analalamika na mimi naogopa mkono wake. Anasema Ryan alikuwa anarusha bila kuchoka. Nimuache?
Mama wa watoto wawili, Ilala

JIBU: Nzuri dada, pole na jirani. Mtoto hajakudanganya, tarehe 14 Juni 1974 Ryan alirusha mipira 235 siku moja dhidi ya Boston, raundi 13, akatoa watu 19. Ila huyo ni mmoja kati ya maelfu, usimpimie mwanao kwa kipimo hicho. Siku hizi hata mtu mzima wa ligi kuu akikaribia mipira 100 kocha ameshanyanyuka kwenye benchi. Miongozo ya huko kwao Marekani kwa umri wa miaka 15 na 16 inasema mwisho mipira 95 kwa siku ya mechi, na akifikisha 76 au zaidi apumzike siku nne kabla ya kurusha tena mechi nyingine. Kiwiko kikimuuma aache hapohapo, asijikaze. Huyo Ryan mwenyewe kilichomstaafisha Septemba 1993 ni kiwiko, kano inayounganisha mifupa ya kiwiko ilichanika akiwa kichuguuni kule Seattle. Na ukuta wa jirani nao upumzishwe, mnunulie godoro bovu la mtumba alitundike uani, mpira haupigi kelele.