Kutoka pamba hadi uzi: majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Kila msimu tunakatazwa kutia pamba kwenye mifuko ya sandarusi. Pamba ni ile ile. Mfuko unaidhuru vipi? (Mkulima, Kwimba)

Kinachodhuru ni vijiutepe vya plastiki vilivyofumwa kuwa mfuko huo, ambavyo huchanika kwa jua na msuguano, kisha hujipenyeza ndani ya pamba bila kuonekana kwa kuwa navyo ni vyeupe. Kinu cha kuchambua hutenganisha nyuzi na mbegu tu, hakivitoi. Vikifika kiwandani, mashine zinazopaswa kuondoa majani na vumbi huvichana vikawa vyembamba kama unywele, vikasokotwa pamoja na pamba, na kasoro hujitokeza mwishoni kabisa kitambaa kinapotiwa rangi, kwa sababu plastiki hiyo haishiki rangi ya pamba. Nimewahi kushika kitambaa cha buluu chenye mstari mweupe wa urefu wa kidole. Nilipouchokonoa kwa ncha ya sindano, ulitoka uzi wa mfuko.

Jambo hili linaniuma, kwa kuwa pamba yetu huchumwa kwa mkono, na mkono makini huacha majani na maganda shambani kuliko mashine. Tunaipoteza faida hiyo kwa sababu ya mfuko. Katazo ni la haki, lakini lingekuwa la haki zaidi kama mifuko ya kitambaa cha pamba ingewafikia wakulima kabla ya mavuno kuanza.

Robota linageukaje kuwa uzi? (Mwanafunzi, Nyamagana)

Pamba ya marobota kadhaa hufunguliwa na kuchanganywa ili uzi usitofautiane, kisha hupigwa na kupeperushwa takataka zidondoke. Hupita kwenye mashine ya kuchana, yenye meno ya waya yaliyosongamana, ambayo huzitenganisha nyuzi moja moja na kuzitoa zikiwa utepe mlaini, mnene kama kidole gumba, unaokatika ukiuvuta kidogo tu. Tepe sita au nane huunganishwa na kuvutwa pamoja hadi ziwe nyembamba kama utepe mmoja, ili penye wembamba pafidiwe na penye unene. Baada ya hapo utepe huvutwa tena na kusokotwa. Msokoto ndio unaotia nguvu: nyuzi hubanana, na msuguano huzizuia kuteleza. Chukua uzi wa pamba wa kushonea, uzongoe kati ya vidole viwili, nawe utaona ukiachana wenyewe bila kukatwa.

Uzi ninaonunua umeandikwa namba 20 au 40. Kwa nini wa 40 ndio mwembamba? (Mfumaji, Kirumba)

Kwa sababu namba hiyo, katika mfumo wa Kiingereza unaotumika kwa pamba, huhesabu urefu unaopatikana katika uzito uleule: ni mara ngapi yadi 840 zinaingia katika ratili moja. Kilo moja ya namba 20 ina takriban kilomita 34 za uzi, na ya namba 40 ina takriban kilomita 68. Ukikutana na tex, hesabu hugeuka, kwa kuwa tex ni gramu za uzi wa mita 1,000, hivyo namba kubwa huwa na uzi mnene.

Kwa nini ukumbi wa kusokotea hutiwa unyevu wakati ziwa liko jirani? (Fundi, Igoma)

Joto la mashine hukausha hewa ya ndani. Pamba iliyokauka huchajika umeme tuli, hupeperuka na kukatika ovyo. Yenye unyevu wa kutosha huwa na nguvu zaidi.

Mbegu nzuri kwa uzi hutambulikaje? (Mkulima, Misungwi)

Kwa urefu, nguvu na wembamba wa nyuzi zake. Ninyi mko jirani na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilikozalishwa aina kama UK 91 na UKM08, na watafiti hupima sifa hizo pamoja na mavuno, kwa sababu nyuzi fupi huhitaji msokoto mwingi, na uzi wake bado huwa mgumu na wenye manyoya. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: shika kishada kidogo cha pamba iliyochambuliwa, kivute kwa vidole vya mikono miwili, ulaze nyuzi sambamba juu ya kitambaa cheusi, kisha upime kwa rula. Zikikaribia milimita 28 na kulingana, mnashika pamba ambayo msokotaji ataipenda.